Laptopu ya kununua ukikaa Lamu: orodha ya mtu wa Linux

Laptopu ya kwanza iliyonishinda kufungua ilikuwa ya mwalimu mmoja wa Langoni. Si kwamba ilikuwa ngumu. Vichwa vya skrubu vilikuwa vimeliwa na kutu mpaka bisibisi ikizunguka haishiki kitu. Mashine yenyewe ilikuwa na miaka miwili tu, yote ikiwa juu ya meza iliyo chini ya dirisha linalotazama bahari. "Mwanangu, yeo haiwaki kabisa," alinambia, kana kwamba jana ilikuwa mzima. Tangu hapo mtu akiniuliza anunue laptopu gani, simuulizi anataka kasi ya namna gani. Namuuliza itakaa wapi, na siku ikizima ni nani atakayeifungua.

Hewa yetu ni chumvi. Kusi ikishika, ukipitisha kidole asubuhi juu ya kifuniko utahisi utando unaonata. Na kifaa cha kubadilisha hakipo hapa: kinaagizwa Mombasa, kinapanda basi mpaka Mokowe, kinapanda boti, ndipo hamali akuletee. Kwa hiyo orodha hii sikuipanga kwa kasi. Nimeipanga kwa vitu viwili: inafunguka kwa bisibisi ya kawaida au haifunguki, na vipuri vyake vimejaa kwenye maduka ya mtumba au ni vya kutafutwa kwa tochi.

Mimi ni mtu wa Linux, ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, tangu enzi zile Ubuntu, mojawapo ya matoleo yake, ilipokuwa ikituma CD bure kwa posta duniani kote, kabla hawajaacha mwaka 2011. Bahasha yangu niliichukua posta nikidhani kuna malipo yamefichwa mahali. Hayakuwapo. Jina lenyewe halikunipa shida, kwani ubuntu na utu ni ndugu wa tumbo moja.

Nazungumza na mwenye elfu 20 hadi 40 mkononi, na huu ni wakati mzuri kwake. Microsoft ilisimamisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haikubali prosesa (ubongo wa mashine) za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8, isipokuwa chache. Maofisi ya Ulaya yanatoa mashine nzima kwa sababu hiyo tu, nazo zinatufikia kama mtumba. Linux haina habari na masharti hayo.

Ya kwanza: ThinkPad T480

Ni ya mwaka 2018, ina Intel ya kizazi cha 8, nyeusi, nene kidogo, haina urembo wowote. Kijana wako ataona aibu kuibeba. Mwache aone.

Nimeiweka juu kwanza kwa betri zake. Zipo mbili: ya ndani na ya nje. Ya nje unaichomoa na kuweka nyingine bila kuzima mashine, kwani ya ndani inashikilia. Stima ikikatika wakati wa kuandika mtihani wa darasa zima, hilo ni jambo kubwa kuliko prosesa yoyote. Pili, inachajiwa kwa USB-C, na inaridhika na chaja ya wati 45. Walio Pate au Kizingitini wenye sola na betri ya volti 12 wanaweza kutumia chaja ya gari ya USB-C yenye nguvu hiyo, bila kupitia inveta inayokula umeme bure. Usinunue zile chaja za simu za gari. Lazima iwe imeandikwa PD na itoe volti 20.

Tatu, ukiigeuza, skrubu za kifuniko cha chini zinalegea lakini hazitoki, zinabaki zimeshikwa na kifuniko. Aliyewahi kutafuta skrubu kwenye mchanga wa Shela ananielewa. Ndani utakuta nafasi mbili za RAM (kumbukumbu ya kazi), diski ya kuchomoa, feni ya kusafisha. Ya kwangu niliifungua baada ya mwaka nikakuta feni imevaa kilemba cha vumbi na manyoya ya punda. Mswaki mkavu, dakika kumi, kwisha.

Ila yake: toleo la mwanzo la programu ya ndani inayoendesha Thunderbolt (teknolojia ya kasi kwenye mlango wa USB-C) lina kasoro iliyoweza kuua mlango huo, na ndio mlango wa chaja. Lenovo walitoa sasisho. Ukinunua, hakikisha chaja inashika kwenye milango yote miwili, kisha weka sasisho hilo siku hiyo hiyo.

Ya pili: ThinkPad X270

Dada mdogo wa hiyo ya juu, inchi 12.5, ya mwaka 2017, nayo ina betri mbili. Nafasi ya RAM ni moja tu, basi tafuta iliyokwisha kuwa na GB 8 au zaidi. Kwa anayezunguka na boti kila siku, ningemwambia achukue hii aache T480. Kwa mwenye macho ya kizee, la.

Ya tatu: HP EliteBook 840 G3

Hii ndiyo utakayoiona kila duka, na fundi yeyote wa Mombasa ameshaifungua mara mia. Kifuniko chote cha chini kinatoka, RAM ina nafasi mbili, vipuri ni tele. Kwa nini basi iko ya tatu? Betri ni moja, ya ndani. Na lile bati lake la alumini likikaa karibu na bahari linaota madoa meupe kama ukurutu. Ni ya kizazi cha 6, Windows 11 inaikataa, kwa hiyo punguza bei bila haya: mwambie muuzaji ukweli huo kisha nyamaza.

Dell Latitude za rika moja naziweka hapa hapa. Sina ugomvi nazo.

Zilizobaki

Raspberry Pi 400, ile kompyuta iliyo ndani ya kibodi, ni nzuri kwa watoto wa madrasa kama tayari mna televisheni ya kuiunganisha. Lakini inaishi kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, na stima yetu ikikatika ghafla mara nyingi kadi huchafuka, mkaanza upya. Weka nakala ya kadi pembeni.

Chromebook (laptopu zenye mfumo wa Google): kila modeli ina tarehe ambayo Google itaacha kuisasisha, na za mtumba nyingi zinauzwa tarehe ikiwa mlangoni. Kuiweka Linux kamili kunahitaji kwanza kuvunja kinga ya programu ya ndani. Mimi naweza. Wewe unayesoma mwongozo wa kununua pengine hutaki.

MacBook za Apple za 2018 hadi 2020 zenye chipu ya usalama ya T2 zinasumbua Linux, na diski yake haichomoki. Za M1 kuna mradi wa Asahi Linux unaofanya kazi nzuri ajabu, ila ukipata M1 kwa elfu 40 muulize muuzaji ameitoa wapi.

Ya mwisho kabisa, tena kwa mbali, ni laptopu mpya ya bei rahisi yenye GB 4 za RAM na diski ya eMMC (hifadhi ya bei rahisi), vyote vimechomelewa kwenye bodi. Nilimnunulia binti ya dada yangu moja, nikiwa nimedanganywa na harufu ya plastiki mpya. Diski ilikufa kabla hajamaliza kidato. Hakuna cha kubadilisha, kwa sababu hakuna kinachotoka. Sasa inazuia mlango usipigwe na upepo.

Mbele ya muuzaji

Nenda na flashi yenye Linux Mint, toleo jingine la Linux, inayowaka bila kusakinishwa. Yangu nimeifunga pamoja na funguo za nyumba. Ichomeke, washa mashine huku ukigonga F12 kwa ThinkPad na Dell, F9 kwa HP. Kabla ya hapo ingia kwenye BIOS, ukurasa wa mipangilio ya mashine yenyewe: ikikuomba nywila, rudisha mashine, sema asante, toka. Nywila ya msimamizi ya ThinkPad haifutiki kwa kuchomoa betri, hata muuzaji akiapa.

Ikishawaka, fungua dirisha la amri, andika `upower -d`, tazama mistari miwili: energy-full-design ndio uwezo wa betri ilipozaliwa, energy-full ndio uliobaki. Ikiwa imebaki chini ya nusu, hesabu bei ya betri mpya na uikate hapo hapo. Kisha bonyeza kila herufi ya kibodi, piga sauti, unganisha Wi-Fi kwa simu yako. Alama ya kidole usihangaike nayo, nyingi za umri huu Linux haizisomi. Mwisho mulika tochi ndani ya milango ya USB. Ukiona ukijani, ilishakaa pwani kabla yako.

Uweke Linux gani

Mint yenye Xfce (sura nyepesi ya skrini), basi. Mint 22 itasasishwa mpaka 2029, ni nyepesi, na haikumalizii bando kwa vifurushi vikubwa vya programu viitwavyo snap kama Ubuntu ya leo. Mimi mwenyewe natumia Debian, kwa ukaidi tu. Vijana watakwambia Arch. Waulize bando wananunuliwa na nani.

LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, inatosha barua, hesabu za duka na ripoti za shule, ingawa faili za Excel zenye makro (amri za kujiendesha) zinaweza kugoma. Anayeishi kwa Photoshop, au ambaye hoteli imempa programu ya Windows pekee, abaki alipo. Ila kuna mzee wa Mkomani anayenakili tenzi kwa hati ya Kiarabu, na kwake Linux ilishinda bila mchuano: tulimwekea mpangilio wa kibodi wa Kiajemi, ambao una herufi za pa na cha ambazo Kiarabu hakina, akawa anabadilisha kutoka hati hiyo kwenda Kilatini kwa kubonyeza vitufe viwili. Siku hiyo alinizuia nisiondoke mpaka magharibi.

Ukiagiza kutoka Mombasa, mwambie muuzaji aizungushie plastiki mara mbili ndani ya boksi, si nje. Na anayekuvushia kutoka Mokowe asiiweke omoni, maana huko mbele wimbi halina adabu.