Kipimajoto cha Sh 12,000 ndani ya nyumba yenye wagonjwa wawili

Ni kipimajoto cha kidijitali cha kawaida: cheupe, cha plastiki, ncha yake laini inapinda kidogo. Nilikinunua duka la dawa hapa Mbagala. Nawaandikia hasa wenye mtoto anayechomwa dripu za kemo, yaani dawa za saratani, maana dukani utapewa chochote kilicho karibu na mkono wa muuzaji.

Mdogo wangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, na ana saratani ya mitoki, ile ya Hodgkin. Anatibiwa Ocean Road, hospitali ya saratani hapa Dar, dripu kila baada ya wiki mbili. Matibabu yakiwa ndiyo kwanza yameshika kasi, baba akapata kiharusi, upande wa kulia ukapooza. Tangu hapo usiku wa mama ni wa baba: kumgeuza asipate vidonda vya mgongo, kumnywesha uji kidogo kidogo asipaliwe. Mimi naingia kazini alfajiri. Ndiyo maana nilitaka kipimo ambacho kijana atakitumia mwenyewe gizani, bila kumtegemea mtu.

Kemo inashusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu. Zikishuka sana, maambukizi ambayo wewe na mimi tungeyamaliza kwa siku mbili yanaweza kumwondoa mgonjwa kwa saa chache, na mara nyingi homa ndiyo dalili pekee utakayoiona. Nesi alitusisitizia: ikifika 38, hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane. Na asimeze panadol kabla ya kuongea na hospitali, kwa sababu panadol inashusha joto huku maambukizi yakiendelea kula ndani. Kiganja shingoni hakiwezi kukutofautishia 37.6 na 38.1.

Kabla ya hiki tuliazima kile cha kuelekeza kwenye paji la uso kama bastola. Kinavutia, kina haraka, lakini kijana akitoka juani kinasema hivi, akikaa mbele ya feni kinasema vile. Kwa mtoto wa kemo sikipendekezi. Cha kioo chenye zebaki nacho sikitaki nyumbani, kikivunjika ni sumu, na kukisoma kwa tochi ya simu ni mateso.

Hiki chetu kinawekwa chini ya ulimi, mdomo unafungwa, unasubiri hadi kilie. Boksi limeandika sekunde 10. Kwetu kinachukua karibu dakika nzima, na hilo nalikata alama. Akiwa amekunywa chai ya moto au maji ya baridi asubiri nusu saa kwanza. Akitokwa na vidonda mdomoni, dawa hizi zinavileta, anapima kwapani, ila kwapani namba huwa chini kidogo, kwa hiyo anaandika pembeni amepimia wapi. Njia ya haja kubwa tulikatazwa kabisa, inaweza kuchubua na kuingiza vijidudu. Kinakumbuka kipimo cha mwisho, na hapa ndipo kilipostahili hela yangu.

Usiku mmoja kijana alijipima akaona 38.3. Mama alikuwa amemshikilia baba, hawezi kumwachia. Kijana hakupiga kelele. Alikuja kugonga dirisha langu na kipimo mkononi, daftari kwapani, begi lake la hospitali tayari begani. Nikakiwasha, 38.3 ileile ikatokea, sikupoteza muda kumpima upya. Jirani akatoa bajaji. Hospitali alimkabidhi daktari daftari lake, vipimo vyote vya wiki vimepangwa kwa saa na tarehe, kwa mwandiko wake, wakamwanzishia sindano za antibayotiki. Nilimtazama nikajua ugonjwa huu haujamfanya mtoto mchanga. Wazazi, mwachieni kijana ashike kipimo chake na daftari lake. Mengi mengine ameshanyang'anywa: shule, nywele, mpira wa jioni, na sasa hata baba wa kumsindikiza kliniki.

Kasoro kubwa ni kwamba kioo chake hakina taa. Mlio nao ni mdogo, ukiwa na feni kali hausikiki. Vipo vyenye taa kwa bei ya juu kidogo. Ningekuwa na hiyo hela siku ile ningechukua hicho.

Baba tumemnunulia chake, kina uzi mwekundu ili visichanganywe, maana wa kiharusi naye akipaliwa anaweza kupata homa ya mapafu. Kila mmoja na chake, na ncha ifutwe kwa spiriti kabla na baada ya kupima. Betri ni ile ya duara, LR41, mafundi saa wanayo. Nunua ya akiba mapema, sababu ikikaribia kuisha maandishi yanafifia.

Nyota nne kati ya tano.