Bodi za kijani za jipsamu kwa kuficha paipu: uzoefu wangu Malindi

Kwa kutengeneza boksi la kuficha paipu zinazoshuka kutoka bafu la juu hadi chumba cha chini, bodi hizi (unene milimita 12, mita 1.2 kwa 2.4) nazipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na skrubu nyeusi zinazouzwa nazo. Kwa hewa ya bahari ya huku, kutu hupenya pati na rangi, boksi likabaki na madoadoa kama mtoto mwenye surua. Nunua za stenlesi, milimita 25, piga kila baada ya sentimita 20. Kichwa kizame kidogo tu bila kuchana karatasi.

Kiunzi nilichagua chaneli za mabati. Mbao laini ndani ya boksi lililofungwa ni karamu ya mchwa, na huwaoni mpaka iwe basi. Paipu ya maji taka ya inchi 4 ina upana wa milimita 110. Ongeza vishikizo na nafasi kidogo, boksi la kona linakuja kama milimita 200 kila upande. Bodi moja inatoa vipande sita, yaani maboksi matatu ya mita 2.4. Piga timazi, usifuate ukuta: kona nyingi zimepinda.

Mafundi wengi hushusha bodi mpaka sakafuni, na hapo ndipo inapoharibika. Bodi ya kijani huvumilia unyevu, si maji. Ikigusa maji ya kupigia deki huyanywa, ikavimba na kulainika. Iache juu sentimita 1, ziba kwa silikoni, skating (ubao wa chini ya ukuta) ifunike. Paipu za AC nazo zivishwe sponji yake, la sivyo zitatoa jasho na doa litokee kutoka ndani.

Kabla ya kufunga, piga presha (jaza paipu maji kwa shinikizo uone kama zinavuja) uache usiku kucha. Weka kimlango cha sentimita 30 kwa 30 mbele ya koki na mdomo wa kuzibulia. Fundi atasema kinaharibu sura. Choo kikiziba, yeye hayupo.

Kwa nyumba kongwe za mawe za Lamu singezifunga bodi hizi ukutani kabisa. Kuta za matumbawe na chokaa hupitisha unyevu na chumvi, na chaneli inayozigusa huliwa na kutu. Kiunzi kisimame chenyewe, kishikwe sakafuni na kwenye boriti, na boksi liwe na matundu ya hewa juu na chini.