Nilipeleka picha yangu ya Mombasa ya 1572 itiwe fremu, wakaikata

Nimekaa na hili jambo kifuani muda, ilikuwa baada ya Idd hivi, nikasema wacha hasira zipoe kwanza ndio niandike, hazijapoa. Ni duka la fremu hapa hapa Mombasa mjini, jina silitaji, na nitasema mabaya na mazuri yote kwa sababu kazi yao ya mbao ni safi na sitaki kumdhulumu mtu.

Mimi nakusanya picha za zamani za kuchongwa, yaani mchoro unachongwa kwenye mbao au shaba halafu unachapwa kwenye karatasi. Nyingi nilizonazo ni kurasa za magazeti ya Uingereza, Sultan Barghash wa Zanzibar alipokwenda London 1875 na mambo kama hayo, hizo zilichongwa kwenye mbao na bei yake mtu wa kawaida anaiweza akijibana. Lakini hii moja nimeitafuta miaka. Ni karatasi iliyotoka kwenye kile kitabu kikubwa cha miji cha Georg Braun na Franz Hogenberg, kilichoanza kuchapwa Cologne 1572, imechongwa kwenye bamba la shaba. Juu wameweka Aden, chini yake miji mitatu ya pwani imepangwa ubavu kwa ubavu, Mombaza, Quiloa na Cefala, yaani Mombasa, Kilwa na Sofala. Hogenberg hakuwahi kukanyaga Mombasa, hilo najua, lakini mzaliwa wa hapa ukiitazama ile picha kuna kitu kinakugusa, Ngome, yaani Fort Jesus, haimo! Wareno walianza kuijenga 1593, kwa hivyo bamba lilipochongwa Ngome ilikuwa bado. Mimi nimezaliwa naiona Ngome kila siku, na hapa nina mji wangu kabla yake. Niliinunua kwa muuzaji London, mpwa wangu akaja nayo kwenye ndege ameipakata mapajani kama mtoto mchanga.

Sasa duka. Kijana wa mbele akaishika kwa vidole viwili akaniambia, "Mzee, hii karatasi imechoka, si bora tuiskani tukuprintie mpya kwa kanvasi, itang'aa." Hapo hapo ningechukua changu nikaenda zangu. Lakini ukutani walikuwa wametundika fremu za mvule nzuri sana, nikatulia nikamweleza pole pole kama ninavyowaeleza wanangu. Usikate kingo. Usipake gundi. Mkunjo wa katikati usiuguse. Ishikilie kwa juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi laini ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, ambao siku yoyote mtu akitaka kuutoa anautoa kwa maji, halafu uweke kadibodi isiyo na asidi ya kuitenga na kioo, maana kwa unyevu wetu huu wa pwani karatasi ikigusana na kioo inaota ukungu. Vile vifaa nilimpa mimi mwenyewe kwenye bahasha. Na kwenye risiti nikaandika kwa mkono wangu USIKATE USIGUNDISHE. Akaitikia sawa mzee, sawa mzee, nikalipa dipoziti kwa M-Pesa nikaondoka.

Wiki mbili hivi nikaitwa. Fremu nzuri walahi, pembe zimeshikana huoni hata unyuzi, nilifurahi mpaka nikamshukuru Mungu kwa sauti. Halafu nikaangalia kingo, kingo hakuna. Wamekata mpaka ndani ya mchoro, pande zote nne.

Asiyejua aniwie radhi nimweleze, kwa sababu hapa ndipo roho inaponiuma. Picha ya bamba inachapwa kwa kuilaza karatasi yenye unyevu juu ya shaba iliyotiwa wino na kuipitisha kwenye rola kwa nguvu nyingi. Shaba inaacha alama yake pembeni, kijifereji ukipitisha kidole unakisikia. Ile ndiyo sahihi yake. Halafu huu mkunjo wa katikati si ubovu, karatasi hizi zilikunjwa ili ziingie kwenye kitabu, na wao wameupiga pasi ya moto mpaka umelala, sasa umebaki mstari mweupe katikati ya mji. Nikageuza nyuma. Hadibodi! Wameibandika nzima nzima kwenye hadibodi, na nyuma ya ile karatasi kulikuwa na maandishi ya Kilatini, ukurasa mzima, ambayo ndiyo yanakuonyesha imetoka kwenye toleo gani kwa sababu mengine yalitoka kwa Kijerumani na mengine kwa Kifaransa. Karatasi ya matambara ya kitani, imepita mikono ya watu zaidi ya miaka 400 bila kuharibika, imekuja kunyang'anywa kila kilichokuwa kinaitolea ushahidi, ndani ya wiki mbili, mtaani kwetu.

Nikamuuliza yule kijana risiti yangu uliisoma? Akasema risiti zinakaa huku mbele, mafundi nyuma hawazioni. Kingo je? "Zilikuwa chafu mzee, tumekusafishia na hatukukuchaji." Na maandishi? Akacheka. Akasema, "Kwani hayo ya nyuma ungeyasomaje na picha iko ukutani?"

Sikumtukana. Nilishika kaunta tu kwa sababu miguu ilikuwa inatetemeka.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema kama una picha ya harusi au cheti cha mtoto nenda tu, watakufanyia vizuri kwa bei ya haki. Sasa hivi nikikumbuka kile kicheko nasema hapana, msipeleke hata cheti, mtu asiyesoma alichoandikiwa na mteja atakata cheti cha mtoto wako vile vile na atakwambia amekusafishia. Pesa walikataa kurudisha, eti fremu si umeipata.

Lakini kuna mzee mmoja fundi wa nyuma, wa rika langu, alitoka aliposikia sauti zimepanda. Akaichukua ile picha, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akanyamaza muda mrefu. Akaniambia ndugu yangu nisamehe, mimi nilipewa fremu tu nikatengeneza, kubandika wamebandika vijana, mimi ningeuliza. Namuamini. Zile pembe ni mikono yake, na kama kesho anafungua kibanda chake hata chini ya mwembe nitampelekea zilizobaki zote, na vifaa nitampa, na nitakaa naye mpaka amalize.

Yeye ndiye aliyeniingiza karakana tukapekua kiroba cha takataka pamoja, yeye amepiga magoti na mimi nimepiga magoti, kwenye vumbi la mbao na vipande vya kioo. Tulipata vipande viwili vya kingo, kimoja kirefu kama kiganja, kingine kidogo. Nimeviweka kwenye bahasha ndani ya Msahafu wa marehemu baba. Kile kirefu kina kijifereji chake bado, jana usiku nilikitoa nikapitisha kidole.