Pokémon X ya mtumba: kaseti ya kumnunulia Talonflame

Anayemtaka Talonflame, ndege wa moto wa michezo ya Pokémon, mwenye makali yake yote atafute Pokémon X au Y ya Nintendo 3DS, mashine ya mchezo ya mkononi, asihangaike na matoleo mapya. Ndege huyu wa moto alitokea kwa mara ya kwanza humo, Oktoba 2013, na humo tu (pamoja na Omega Ruby na Alpha Sapphire zilizofuata mwaka 2014) ndimo uwezo wake wa Gale Wings unafanya kazi bila masharti: kila pigo lake la aina ya Flying (ya kuruka) linatangulia la mpinzani. Kuanzia Sun na Moon za 2016, uwezo huo unahitaji afya yake iwe imejaa kabisa. Akiguswa kidogo tu, umezimika. Kanuni ya zamani imo ndani ya kaseti ya X na hakuna sasisho lililoibadilisha.

Kwa mchezaji wa Mwanza, X ni mali ya mtumba. Huipati imefungwa na nailoni yake. Utaikuta kwa mtu anayeuza mashine aliyoichoka, au kwenye duka la simu katikati ya mji ikiwa imekaa kabatini kati ya chaja na kava. Na kwa kuwa ukutani kuna lile tangazo la "mali ikishauzwa hairudishwi", ukaguzi wote ufanyike kabla pesa haijatoka.

Anza na chaja, maana ndiyo inayoua mashine kabla hata hujacheza. Mashine nyingi za mtumba zimetoka Marekani au Japani, na chaja zake asilia zimetengenezwa kwa umeme wa huko. Geuza chaja usome mstari ulioandikwa INPUT: ya Kimarekani inasema AC 120V. Umeme wetu ni 230V. Kuchomeka adapta tu ili pini ziingie kwenye soketi hakubadilishi volti. Chaja itaungua, na inaweza kuondoka na mashine. Ukikuta hivyo, iache chaja hiyo dukani na utafute waya wa USB wenye kichwa cha 3DS, uchaji kwa kichwa cha simu au pawabenki. Waya huo pia ndio utakaokufaa ndani ya meli ya usiku kwenda Bukoba, kwa sababu betri ya 3DS ya kwanza haifiki asubuhi.

Jambo la pili ni eneo. 3DS hufungwa kwa eneo: kaseti ya Ulaya haisomeki kwenye mashine ya Marekani, wala ya Japani haisomeki kwenye ya Ulaya. Lebo ya kaseti huwa na namba ndogo inayoishia na herufi za eneo, kama USA, EUR au JPN. X inakuuliza lugha mwanzoni kabisa, na Kiingereza kimo hata kwenye kaseti ya Japani, kwa hiyo kuona Kiingereza kwenye skrini si ushahidi kwamba kaseti itakubali mashine yako ya nyumbani. Nenda na mashine yako, uichomeke hapohapo. Lugha ikishachaguliwa haibadiliki mpaka ufute mchezo wote.

Kama huna mashine bado, chukua 2DS ile bapa isiyokunjika. Ilianza kuuzwa siku moja na X, na haina bawaba. Bawaba ndiyo kidonda kikuu cha 3DS za kukunja zilizopita mikono mingi. Utaikosa picha ya 3D, lakini X yenyewe inatumia 3D kwenye mapambano na vipande vichache vya hadithi tu, tena ukiiwasha kwenye pambano mchezo unakuwa mzito. Hujapoteza kitu.

Sasa kaseti. Iwashe, ingia kwenye mchezo uliomo, mkimbize mhusika kwa kuzunguka duara kamili kwa gurudumu la kidole gumba. Akikwama upande mmoja, tatizo ni la mashine. Kisha sevu, zima kabisa, washa tena. Hatua hii watu huiruka, kumbe ndiyo inayotenganisha kaseti nzima na mbovu: mchezo unaweza kufunguka vizuri na bado ukashindwa kuandika. Kaseti za 3DS hazina betri ya ndani kama zile za zamani za Ruby na Sapphire, kwa hiyo muuzaji akikwambia "betri ya kaseti imeisha, utabadilisha tu", jua anabahatisha. Ikigoma kusomeka, sugua meno yake ya shaba kwa pamba yenye spiriti kidogo, iache ikauke, ujaribu tena. Vumbi na unyevu wa huku ziwani huweka utando juu ya meno hayo, na mara nyingi tiba ni hiyo tu.

Usifute mchezo wa mwenye kaseti aliyetangulia kabla hujapekua masanduku yake ya kuhifadhia Pokémon. Hapo ndipo kuna dhahabu. X ina nafasi moja tu ya kusevu, na kuifuta ni kubonyeza Juu, B na X kwa pamoja kwenye skrini ya jina la mchezo. Ukishathibitisha, vyote vimekwenda. Fungua PC (kompyuta ya kuhifadhia) ndani ya Pokémon Center yoyote (kituo cha matibabu), tafuta Fletchling au Fletchinder (umbo lake la utoto na la katikati) au Talonflame mwenyewe, ufungue ukurasa wa taarifa zake usome sehemu ya Ability. Fletchling wa kawaida ameandikwa Big Pecks, na wale wawili wakubwa wameandikwa Flame Body. Ukiona Gale Wings, tena alama ya jike, hiyo kaseti ina thamani kuliko bei uliyotajiwa. Mwombe mtu mwenye X, Y au hizo mbili za 2014 akutunzie kwa kubadilishana uso kwa uso. Mashine mbili zilizo karibu huongea zenyewe, bila intaneti wala bando. Baada ya hapo ndipo ufute.

Upekuzi huu una sababu. Seva za mtandaoni za 3DS zilizimwa Aprili 2024. Ile njia ya kurusha Pokémon mtandaoni na kupokea wa mtu usiyemjua, ambayo ilimwaga ndege hawa wenye Gale Wings kila kona, haipo tena. Kilichobaki cha uhakika ni kumpata jike mmoja kwa mtu wa karibu na kumzalisha.

Kuzalisha si kazi ngumu. Mpeleke jike mwenye Gale Wings pamoja na dume wa kundi la uzazi la Flying, au Ditto (Pokémon anayezaa na karibu yeyote), kwenye kituo cha kulelea cha Route 7. Kila yai lina nafasi ya 60% ya kurithi uwezo huo. Mpe mzazi mwenye tabia unayoitaka (Nature, inayopandisha sifa moja na kushusha nyingine) jiwe la Everstone ashike, na tabia hiyo itapita moja kwa moja. Wengi hukimbilia Jolly kwa ajili ya kasi. Kwa ndege huyu wa X, Adamant, ya kuongeza shambulio, ina hoja nzito zaidi: Brave Bird, pigo lake la Flying, inatangulia tayari, kasi ya ziada inabaki na kazi kwenye mapigo ya moto tu, na shambulio lake la msingi, 81, linahitaji kila msaada. Wakati wa kutotolesha, beba Talonflame mwingine mwenye Flame Body kwenye kikosi, atapunguza hatua za yai kwa nusu. Kisha panda baiskeli uzunguke uwanja wa mnara wa Prism Tower katika mji wa Lumiose huku umeshikilia upande mmoja.

Lumiose hiyohiyo ina mtego wake. Kaseti isiyo na sasisho la Oktoba 2013 ina hitilafu: ukisevu kwenye barabara za nje za mji huo, unaweza kushindwa kuufungua mchezo tena. Sevu ndani ya Pokémon Center, basi.

Kwa anayeanza hadithi upya bila Gale Wings, ndege bado analipa. Fletchling anashikwa Route 2, dakika chache baada ya mchezo kuanza, anajifunza Peck kwenye levo ya 10, na jimu (ukumbi wa changamoto) ya kwanza ya Viola yenye wadudu (Surskit wa 10, Vivillon wa 12) anaimaliza karibu peke yake. Levo ya 17 anakuwa Fletchinder na kupata moto, levo ya 35 anakuwa Talonflame. Ukipanga kumtumia, usichukue Fennekin, naye wa moto, mwanzoni, na profesa akikupa nafasi ya kuchagua pale Lumiose, mwache Charmander: Charizard naye ni moto na mabawa, na utabaki na wawili wenye udhaifu uleule.

Na udhaifu wenyewe ni jiwe. Pigo la Rock linamwumiza mara nne, na kwa wachezaji wa mji unaojiita Rock City hilo halihitaji ramani. Jimu ya pili, ya Grant, ni ya mawe. Tyrunt wake wa levo ya 25 ana Rock Tomb, kwa hiyo ndege akae benchi. Jimu ya tatu ya Korrina inaonekana rahisi kwa kuwa ni ya wapiganaji, lakini Machoke wake naye amebeba Rock Tomb. Huyo mtoe kwa mwingine, kisha mrudishe ndege kwa Mienfoo na Hawlucha. Kwa Ramos wa majani ni karamu. Kwa Clemont wa umeme, benchi tena.

Kosa la kiufundi linalorudiwa sana liko jimu ya mwisho, kwa Wulfric wa barafu. Abomasnow anaanguka kwa pigo lolote la moto. Avalugg je? Watu wanampiga Flare Blitz, pigo la moto la mwili, wanashangaa hafi, na ndege anajiumiza kwa theluthi ya madhara aliyotoa. Ulinzi wa mwili wa Avalugg ni 184, ilhali ulinzi wake dhidi ya mashambulizi maalumu ni 46 tu. Flamethrower (pigo maalumu la moto, linalofundishwa kwa diski ya TM35), hata ikitoka kwa ndege mwenye nguvu maalumu ya 74, inamchana zaidi ya Flare Blitz kwa mbali.

Kwenye mapambano ya watu wawili, mwenye Gale Wings ndiye sababu ya kununua. Brave Bird ina nguvu 120 na inapiga kwanza, Roost nayo ni ya Flying, kwa hiyo anajitibu nusu ya afya kabla hajapigwa, na Tailwind, ya kuongeza kasi ya kikosi, vilevile. Se Jun Park alikuwa naye kikosini aliposhinda ubingwa wa dunia wa 2014, ingawa sifa zote zilikwenda kwa Pokémon wake mwingine, Pachirisu. Kinachomkwamisha ni Stealth Rock, mtego wa mawe wa mpinzani, inayomla nusu ya afya kila anapoingia uwanjani. Akiingia mara mbili bila kujitibu, hayupo. Kikosi chenye Talonflame kisicho na wa kufagia mawe hayo, kwa Defog au Rapid Spin, hakijapangwa. Viatu vya Heavy-Duty Boots vinavyomkinga havimo ndani ya X, vilikuja 2019. Rotom wa maji, Tyranitar na Heatran nao wanampokea bila wasiwasi, kwa hiyo asitumwe mbele yao kwa matumaini.

Mwenye Switch, mashine ya Nintendo iliyofuata, ataniuliza kuhusu michezo ya Scarlet na Violet. Yumo humo, anapatikana mapema, anavaa hivyo viatu, na kaseti za Switch hazifungwi kwa eneo. Kama unataka hadithi ya kucheza na wenzako mtandaoni leo, nunua hizo. Ila ndege utakayempata ni wa kuwekea wengine Tailwind na kuwachoma kwa Will-O-Wisp, si yule wa kupiga kwanza mpaka mwisho.

Kumhamisha kutoka X kwenda Switch kunawezekana bado kwa Pokémon Bank, hifadhi ya mtandaoni ambayo haikuzimwa pamoja na seva nyingine, lakini programu hiyo lazima iwe imo kwenye mashine tayari, kwa sababu duka la mtandaoni la 3DS lilifungwa Machi 2023 na haliruhusu upakuaji mpya. Ukiikuta kwenye 3DS ya mtumba, usimruhusu muuzaji airudishe mashine kwenye hali ya kiwandani "ili iwe safi". Na ukishampandisha ndege kupitia Bank hadi HOME, hifadhi ya upande wa Switch, X haimpokei tena. Zalisha wa pili kwanza, umwache kwenye kaseti.