Skrini tatu kwa wati 120: uzoefu wangu na kompyuta ya kutredi hapa Lubumbashi

Kwa miaka miwili nilitredi, yaani kununua na kuuza mtandaoni kwa kufuata bei za masoko, kwa laptop ya inchi 15 kwenye meza ile ile tunayolia bukari (ugali). Nikifungua chati ya dakika tano, ile ya saa moja inafunikwa. Nikiirudia, bei imeshakimbia. Mwishowe nikakusanya dola zangu, nikaamua kutafuta kompyuta ya mezani yenye skrini tatu.

Duka la kwanza nililoingia pale mjini, kijana alisikia tu neno kutredi, akanipeleka moja kwa moja kwenye mashine ya michezo yenye taa za rangi na kadi ya picha ya RTX 3060. "Papa, hii chati zitapita kama maji." Lakini chati ni mistari na mishumaa, si sinema. MetaTrader 5, programu ninayotredia, na kivinjari chenye kurasa kumi havina kazi nzito ya kuipa kadi ile, na peke yake inaweza kula wati 170. Mimi nakaa Katuba. Umeme huku unaondoka bila kuaga, na kila wati unayoongeza inakatwa kwenye dakika za betri. Basi nikaanzia hesabu upande wa pili: onduleur (wengine mnaita UPS, sanduku la betri linaloshika kompyuta umeme ukikatika) ninayoimudu kwanza, kisha mashine itakayoitosha.

Nilichochukua ni Dell OptiPlex 3070 iliyotumika, ile fupi ya ofisini, yenye prosesa ya Intel i5-9500, ya kizazi cha tisa. Niliongeza RAM ikafika GB 16, na SSD ilikuwemo. Kuna i7 za kizazi cha sita zinauzwa kwa bei ya kuchekesha, na jina i7 linavutia, lakini Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, na Windows 10 ilikoma kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine inayoshika pesa zangu sitaki iwe imeachwa yatima.

Kulipa kwenyewe kulichukua nusu saa. Muuzaji aliinua kila noti kwenye mwanga, na moja ya 20 akairudisha kwa ajili ya mpasuko usiofika hata upana wa ukucha. Mnaokaa huku mnalijua hilo.

OptiPlex hiyo ina matundu mawili tu ya skrini, DisplayPort moja na HDMI moja. Hapo ndipo watu wengi wanapotea: wanauliza prosesa ina kasi gani, hawaulizi matundu mangapi. Kadi niliyoiongeza ni Quadro P620, nayo imetumika. Ina matundu manne ya mini DisplayPort, GB 2 za kumbukumbu, inakula wati 40 na haitaki waya wa pekee wa umeme. Kwa michezo ni dhaifu. Kwa chati sijawahi kuiona ikihema.

Shida ikawa bati. Kadi ilikuja na kile kibati kirefu cha pembeni cha kompyuta kubwa, na kasha langu ni fupi, haikuingia. Fupi lake lilikuwa limeshapotea huko ilikotoka. Mdogo wangu akasema, "Yaya, twende kwa yule fundi wa babula." Tukaenda kweli. Mzee anayekata babula, majiko ya makaa, alikitazama kile kibati, akakigeuza mara mbili, akachora kwa msumari, akakata kwa mkasi wake wa bati, akakunja ncha kwa nyundo ndogo akiwa amekiegemeza juu ya kipande cha reli. Matundu manne yakakaa mahali pake. Alitaka kujua ni ya kazi gani. Nikamwambia ni ya kuangalia bei ya shaba, akacheka.

Kwenye kebo nililia. Nilinunua kebo mbili zenye HDMI upande mmoja na DisplayPort upande wa pili, nikidhani waya ni waya. Kumbe zina mwelekeo: zangu zilitengenezwa kupeleka picha kutoka HDMI kwenda skrini ya DisplayPort, na mimi nilihitaji kinyume. Skrini nyeusi, usiku mzima. Duka lilikataa kuzirudisha. Kabla ya kulipa, sema kwa mdomo wako picha inatoka wapi na inakwenda wapi. Na vile vifaa vya USB vya kuongeza skrini, niliazima kimoja: vinaitwisha prosesa kazi, na kishale cha mausi kilikuwa kinaburuta mguu.

Skrini ni mbili za Dell P2419H za inchi 24 na HP moja ya zamani. Zile Dell zinazungushwa zikasimama wima, na hilo limenifaa kuliko nilivyodhani kwa orodha ya bei. HP ina rangi ya manjano kidogo. Nimeizoea.

Katikati naweka shaba. Mkoa huu uliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997, nami ningeona aibu kufuata euro tu. New York wanataja bei kwa ratili, London kwa tani, kwa hiyo kuna karatasi nimebandika chini ya skrini: zidisha kwa 2204.6. Soko la hisa la New York linafunguka huku saa kenda na nusu alasiri, yaani 15:30, wao wakiwa kwenye saa za kiangazi, zikiisha, 16:30. Saa hizo hasa ndizo umeme unapenda kusafiri.

Nimepima: vyote pamoja, na chati zote zikiwa wazi, ni karibu wati 120. Onduleur ya VA 650 inanipa kama dakika 15, zinatosha kufunga oda kwa utulivu. Kipanga njia cha intaneti nimekiwekea betri yake. Jambo moja nilijifunza kwa hasara: katika MetaTrader, stop loss ya kawaida (oda inayokutoa sokoni hasara ikifika uliposema) inakaa kwenye seva ya dalali, kompyuta ikizimika inabaki. Ile inayofuata bei, trailing stop, inaendeshwa na programu yako mezani. Umeme ukienda, nayo inasimama pale ilipofika.

Je, natengeneza pesa zaidi? Naona zaidi. Mwaka 2018 wasimamizi wa masoko ya Ulaya walisema akaunti 74 hadi 89 kati ya 100 za watu wa kawaida wanaocheza CFD (mikataba ya kubashiri bei bila kumiliki kitu chenyewe) zinapoteza, na sidhani kama waliulizana skrini ngapi. Asubuhi bado naenda kwenye kazi yangu ya uhasibu.

Tundu la nne la kadi liko wazi, mke wangu ameshasema meza haiongezwi. Zile kebo mbili za mwelekeo mbaya zinaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, mpya kabisa, kama kuna anayezihitaji.