G/flex 650: gundi ya kuungia mtiki na mpingo

Gundi nyeupe ya maji hushika mbao kwa kunywewa na nyuzi zake, na hapo ndipo mtiki na mpingo huwashinda maseremala wengi. Mtiki umejaa mafuta, na mpingo, pamoja na mafuta yake, ni mzito kiasi cha kuzama majini, kwa hiyo gundi hubaki juu juu, na kiungio kilichoonekana imara karakanani huachia kikiwa tayari nyumbani kwa mteja.

G/flex 650, ya kampuni ya Gougeon Brothers ya Marekani inayouza kwa jina la West System, ni epoksi ya chupa mbili zinazochanganywa nusu kwa nusu, na kwa kuwa hukauka kwa mmenyuko wa kemikali, haihitaji mbao inywe maji. Sifa ninayoithamini zaidi ni kwamba ikishakauka hubaki na unyumbufu kidogo, hivyo mbao inapovimba wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi, kiungio huifuata bila kupasuka. Nilipovunja kwa nyundo vipande vya mtiki nilivyoviunga kwa majaribio, sikukuta utando laini wa gundi unaong'aa. Nyuzi za mbao zenyewe ndizo zilizonyofoka, zikabaki zimeng'ang'ania upande wa pili.

Matokeo hayo, hata hivyo, hayapatikani bila maandalizi. Uso wa mbao upigwe randa, ukwaruzwe kwa msasa mkavu wenye chembe kubwa, kisha ufutwe kwa asetoni kwa kitambaa safi kinachobadilishwa kila mara, kwani kwenye mpingo kitambaa hutoka na weusi wenye zambarau unaoweza kuchafua mbao nyeupe iliyo kando yake. Asetoni ikishapaa, paka gundi mara moja, kabla mafuta ya ndani hayajapanda tena juu. Jiriwa zikazwe kwa kiasi tu, maana epoksi ikikamuliwa yote kiungio hubaki kikavu.

Mtengenezaji anataja dakika 46 kabla gundi iliyochanganywa haijaganda kikombeni katika joto la nyuzi 22 za Selsiasi. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa muda huo hupungua sana, na ni afadhali kuchanganya kidogo kidogo na kuitandaza kwenye sahani pana, kwani ikirundikwa kikombeni hujipasha moto na kuganda upesi. Kazi iachwe saa 24 kabla ya kubebeshwa uzito. Glovu ni lazima, kwa sababu epoksi mbichi inaweza kuleta mzio wa ngozi usiopona.

Bei ni kubwa mara kadhaa kuliko gundi ya kawaida, na kwa mninga au msonobari sioni sababu ya kuitumia. Viti na meza za mtiki zitakazokaa nje vipakwe vanishi inayokinga jua palipo na viungio, kwa kuwa mwanga wa jua huidhoofisha epoksi.