Stepa ya nyumbani: fremu nzima, shokapu hoi

Stepa yangu, mashine ya mazoezi ya kukanyaga kama unapanda ngazi, ni ile ndogo, pedali mbili na shokapu mbili chini yake. Fremu haijalegea popote, pedali hazijapasuka. Ila mguu wa kushoto sasa unashuka kama unakanyaga hewa, na sakafuni kuna doa la oili. Naipa nyota 3 kati ya 5, na zilizopungua zote ni za shokapu.

Ndani ya shokapu hizi kuna pistoni inayolazimisha oili ipite kwenye tundu dogo. Ugumu unaousikia mguuni unatoka hapo, na nguvu zako zote zinageuka joto. Ukifanya mazoezi muda mrefu, silinda inachemka hadi haishikiki. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, ndiyo maana mashine inalegea katikati ya mazoezi, ikipoa inarudia ugumu wake. Huo si ubovu.

Ubovu unaanzia kwenye sili, ule mpira unaoikumbatia shafti, yaani fimbo ya pistoni inayoingia na kutoka kwenye silinda. Joto la kila mara linaukausha. Vumbi na chumvi ya jasho vinaganda kwenye shafti, nayo ikipanda na kushuka inausugua. Nilipoifuta yangu niliona mkwaruzo mwembamba, umesimama wima, upande mmoja tu. Kisa ni bushi, vile vibomba vifupi vya kwenye bolti: zimelika, kwa hiyo shafti inaenda ikiegemea upande huo. Sili ikishavujisha oili, hewa inaingia, na hewa inabonyea kirahisi. Ndipo unapopata ule mwanzo mtupu wa kila hatua, kabla ugumu haujashika.

Na kile kikomo cha uzito kwenye kijitabu kiheshimiwe, maana mzigo mkubwa unaishia kwenye shokapu.

Nyingi zimezibwa kiwandani, haziongezwi oili wala hazifunguliwi. Ni kubadilisha tu, tena zote mbili kwa pamoja, la sivyo mguu mmoja utapata upinzani zaidi kuliko mwenzake. Namshukuru aliyeiunda yangu kwa kuzifunga kwa bolti: spana mbili tu, zinatoka. Kinachoniudhi ni kwamba kijitabu hakitaji urefu wa shokapu kutoka tundu la bolti hadi tundu la bolti, wala unene wa bolti yenyewe, na bila vipimo hivyo huwezi kuagiza nyingine. Nimepima mwenyewe kwa rula. Ukienda kununua stepa, inama uangalie chini: kama shokapu zimechomelewa kwenye fremu, iache hapohapo dukani.